Kumuuguza Mzee Aliyepata Kiharusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watunzaji wa Nyumbani

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mke, mume, mtoto, mkwe au ndugu ambaye, pengine bila kuulizwa, amejikuta akimuuguza mzee aliyepata kiharusi. Yamepangwa kuanzia maswali ya siku za kwanza hospitalini hadi yale ambayo watunzaji huyauliza kwa sauti ya chini baada ya miezi mingi. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, msomaji ataelekezwa kwenye namba ya swali husika. Hakuna kilichoandikwa hapa kinachochukua nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wako.

## Siku za mwanzo

1. Nimeambiwa mama amepata kiharusi. Ni kitu gani hasa kimetokea?

Sehemu ya ubongo wake imekosa damu, na chembe za sehemu hiyo zimeanza kufa. Mara nyingi chanzo huwa ni bonge la damu lililoziba mshipa. Mara chache zaidi huwa ni mshipa uliopasuka na kumwaga damu ndani ya kichwa. Kila nusu ya ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, ndiyo maana aliyeumia ubongo wa kushoto hupooza mkono na mguu wa kulia, na kwa kuwa lugha kwa watu wengi hukaa upande huo wa kushoto, mara nyingi hupoteza na maneno.

Mwulize daktari mambo mawili na uyaandike: ni kiharusi cha aina gani, na ni upande gani wa ubongo ulioumia. Aina huamua dawa, kwa sababu dawa za kuzuia damu kuganda ambazo humkinga mgonjwa aliyezibwa mshipa zinaweza kumdhuru aliyepasukiwa mshipa. Upande ulioumia utakueleza mengi kuhusu tabia utakazokutana nazo nyumbani (angalia maswali ya 10 hadi 12).

2. Mimi ni mke wake tu. Je, nami nahesabiwa kuwa mtunzaji?

Ndiyo. Yeyote anayemwogesha, anayemlisha, anayekumbuka saa za dawa zake au anayeamka usiku kumgeuza ni mtunzaji, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana mtu asiyejitambulisha kwa wahudumu wa afya kuwa ndiye atakayebeba kazi hiyo huachwa nje ya mazungumzo, na maelekezo muhimu hupewa ndugu yeyote aliyetokea kusimama karibu na kitanda saa ile. Sema wazi: "Mimi ndiye nitakayemuuguza nyumbani, naomba nielekezwe."

3. Nijifunze nini kabla hajaruhusiwa kutoka hospitalini?

Jifunze kwa mikono yako. Kumtazama muuguzi akimhamisha mgonjwa ni jambo moja, na kumhamisha wewe huku muuguzi akikutazama ni jambo jingine kabisa. Omba ufanye mwenyewe, angalau mara mbili mbele yao, mambo haya: kumtoa kitandani na kumketisha, kumlisha na kumnywesha, kumsafisha, kumgeuza, na kumpa dawa zote za siku moja kwa kufuata karatasi. Kama ataondoka na mpira wa mkojo au mpira wa kulishia uliopitishwa puani, usikubali kuondoka kabla hujaelezwa namna ya kuutunza, dalili za kuziba au kuchomoka, na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Hata hivyo, usitegemee kwamba mafunzo ya hospitalini yatakutosha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, ukiwa na wagonjwa 300 na watunzaji wao, ulionyesha kwamba waliofundishwa kazi hizi kwa vitendo hawakulemewa sana kama wengine, na walikuwa na huzuni na wasiwasi mdogo kuliko wao. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2013, katika vitengo 36 vya kiharusi nchini humohumo, haukuiona faida hiyo. Mimi nausoma mgongano huo hivi: mtu anayefundishwa huku bado akitetemeka kwa mshtuko husikia nusu tu, na maswali yake ya kweli huzaliwa wiki ya tatu, usiku, akiwa peke yake na mgonjwa. Kwa hiyo usione haya kurudi kuuliza jambo ambalo "ulishaelezwa". Na kwa wahudumu wanaosoma hapa, ombi langu ni kwamba mtunzaji apigiwe simu au atembelewe wiki chache baada ya kurudi nyumbani, maana hapo ndipo somo huingia.

4. Atapona? Itachukua muda gani?

Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza, huendelea kwa mwendo wa polepole hadi miezi 6 hivi, na kwa wengi haikomi hapo, ingawa baada ya muda huo hupimwa kwa mambo madogo: kidole kilichofunguka, sentensi iliyokamilika, hatua tatu zaidi bila kushikwa. Umri mkubwa hupunguza kasi lakini haufungi mlango. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kiwango cha kupona katika wiki ya kwanza.

Kinachosaidia zaidi nyumbani ni kurudia matendo halisi ya maisha. Mwache ajifungie vifungo vya shati hata kama anatumia dakika kumi na wewe ungetumia nusu dakika. Najua dakika hizo kumi ni ghali asubuhi ambayo kazi zote zinakusubiri. Chagua basi tendo moja au mawili kwa siku ambayo ni yake, na mengine msaidie.

## Kazi za kila siku

5. Nimhamisheje kutoka kitandani bila kuumiza mgongo wangu wala bega lake?

Weka kiti upande wake wenye nguvu, kikiwa kimekaribia kitanda na kuelekezwa kidogo kwake. Kama ni kiti cha magurudumu, funga breki na uondoe vikanyagio. Mketishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kisha ngoja dakika moja, kwa sababu wazee wengi hupata kizunguzungu wanapoinuka ghafla. Simama mbele yake, miguu yako ikiwa imeachana, ukunje magoti na kuuacha mgongo umenyooka. Zuia goti lake dhaifu kwa goti lako ili lisijikunje. Mshike kiunoni au kwenye mshipi imara wa nguo. Mwambie ainamishe kifua mbele hadi pua ivuke vidole vya miguu, mhesabu pamoja hadi tatu, ainuke kwa nguvu zake na wewe ukimwongoza tu, mgeuke kwa hatua fupi hadi aguse kiti kwa nyuma ya miguu yake, ndipo aketi taratibu.

Usimruhusu akukumbatie shingoni. Shingo yako haikuumbwa kubeba uzito huo. Na usimvute kamwe kwa mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kumshika makwapani. Misuli iliyokuwa ikilishikilia bega imelegea, na mvuto mmoja unaweza kulitegua na kuacha maumivu ya miezi mingi. Akiketi, mkono huo uegemezwe kwenye mto, usining'inie.

Akianza kuanguka, usishindane na uzito wake. Msogeze karibu na mwili wako na umteremshe polepole hadi sakafuni. Akiwa ametulia na hajaumia, mtafute mtu wa pili kabla ya kumwinua.

6. Anapaliwa kila anapokunywa maji. Niendelee kumpa?

Acha kwanza, na uombe apimwe uwezo wa kumeza kabla hujaendelea. Kiharusi hudhoofisha misuli ya koo, na maji, kwa wepesi wake, ndiyo humponyoka mgonjwa kwa urahisi na kuingia njia ya hewa. Baadhi ya wagonjwa huvuta chakula mapafuni bila hata kukohoa, kwa hiyo ukimya si ushahidi kwamba mambo ni shwari. Msikilize baada ya kumeza: sauti iliyokuwa kavu ikigeuka kuwa ya majimaji, kana kwamba anazungumza na kitu kooni, hiyo ni ishara. Homa za kurudiarudia na kifua kinachokoroma ni ishara nyingine.

Mtaalamu akisema anaweza kula, mketishe wima kabisa, umpe kijiko kidogo kimoja kimoja, ungoje ameze kabla ya kingine, na usimsemeshe kinywa kikiwa na chakula. Zima redio na televisheni. Mwishoni angalia ndani ya shavu la upande dhaifu, maana chakula hujificha pale bila yeye kuhisi. Abaki ameketi kwa dakika 30 hivi baada ya kula. Kinywa kisafishwe kila siku hata kama analishwa kwa mpira, kwa kuwa vijidudu vya kinywa kichafu ndivyo vinavyoshuka na mate na kuleta nimonia. Vinywaji vizitishwe tu pale mtaalamu alipoelekeza na kwa uzito aliouelekeza. Kabla ya kusaga kidonge chochote, mwulize mfamasia, kwa kuwa vipo ambavyo havipaswi kusagwa.

7. Nitazuiaje vidonda vya kulalia?

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa 2 anapokuwa kitandani, na akiwa kwenye kiti asaidiwe kuinua au kuhamisha uzito mara nyingi zaidi. Kila unapomwogesha, kagua kisigino, nyonga, kifundo cha mguu na mfupa wa chini ya mgongo. Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: tafuta joto, ugumu, uvimbe, au sehemu iliyobadilika rangi kuliko ngozi inayoizunguka. Usiisugue sehemu hiyo. Iondolee uzito, na uonyeshe wahudumu wa afya mapema. Mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vikabaki vinaelea, ni kinga rahisi inayosahauliwa sana.

8. Anajikojolea. Nimpunguzie maji?

Hapana. Mkojo mzito huwasha kibofu na hukaribisha maambukizi, na ukosefu wa maji huleta choo kigumu ambacho nacho hukibana kibofu. Jaribu kumpeleka msalani kwa ratiba, tuseme kila baada ya saa 2 mchana, bila kungoja aseme. Kujikojolea kukianza ghafla pamoja na homa, maumivu au kuchanganyikiwa, apimwe mkojo.

9. Dawa ni nyingi mno. Nizisimamieje, na anapojisikia vizuri zinaweza kupumzishwa?

Zisipumzishwe bila daktari. Dawa ya shinikizo la damu haimfanyi mgonjwa ahisi tofauti yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo: anaacha, haoni kitu, na shinikizo linapanda kimya. Takriban kiharusi 1 kati ya 4 huwapata watu waliokwisha kupata kingine kabla, na shinikizo la juu la damu ndilo kisababishi kikuu kinachoweza kudhibitiwa.

Andika karatasi moja yenye jina la dawa, kazi yake, kipimo na saa, uibandike mahali ambapo kila anayekushika mkono ataiona, na upige tiki kila dozi inapotolewa. Tiki hizo huzuia kosa la watu wawili kumpa dawa ileile mara mbili. Dozi ikisahauliwa, isifidiwe kwa kutoa mbili pamoja. Ukimpima shinikizo nyumbani, apumzike ameketi dakika 5 kwanza, na utumie mkono usiopooza.

## Tabia, maneno na hisia

10. Haongei, au anatoa maneno yasiyoeleweka. Je, akili yake imeharibika?

Si lazima. Hali inayoitwa afasia huharibu njia ya maneno, na mara nyingi huiacha akili, kumbukumbu na heshima ya mtu mahali pake. Yupo anayeelewa lakini hawezi kutamka. Yupo anayetamka kwa ufasaha maneno yasiyo na maana na asijue. Mwingine hana afasia hata kidogo, ila ulimi na midomo ni mizito.

Zungumza naye kama mtu mzima, kwa sentensi fupi na sauti ya kawaida, kwa kuwa hajawa kiziwi. Uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, mwonyeshe kitu chenyewe badala ya kukitaja tu, kisha ngoja. Kungoja huku ni kugumu: hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumkatiza au kumsaidia neno. Wageni wasimjadili mbele yake kana kwamba hayupo chumbani. Hakuna jambo linalowaumiza wagonjwa hawa kuliko hilo.

11. Analia bila sababu, na zamani hakuwa hivyo. Ana huzuni?

Huenda ndiyo, huenda hapana. Kuna kilio au kicheko kinacholipuka ghafla, kisichoendana na jambo lililopo, na kinachokoma baada ya muda mfupi. Hicho hutokana na jeraha la ubongo kwenye breki za hisia. Usimkemee wala usimzingire kwa maswali. Badilisha mazungumzo kwa upole, na kwa kawaida kitapita.

Sonona ni jambo jingine. Huwapata takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi: mgonjwa anakosa hamu ya chakula na ya watu, halali, anakataa mazoezi, anasema ni heri angekufa. Usiiite uvivu wala uzee. Inatibika, na ikitibiwa hata mazoezi huanza kuzaa matunda. Akitaja kujiua, usimwache peke yake na umtafutie msaada siku hiyohiyo.

12. Anakula nusu ya sahani tu na kugonga milango kwa bega la kushoto. Macho yameharibika?

Pengine ubongo umeacha kuutambua upande huo wa dunia, hali inayotokea zaidi baada ya kuumia ubongo wa kulia. Zungusha sahani, mwite kutoka upande anaousahau ili ajifunze kuutafuta, lakini vitu vya hatari na kengele ya kukuitia viwe upande anaoutambua.

## Mtunzaji mwenyewe

13. Nimechoka. Nitajuaje kwamba uchovu umepita kiasi?

Uchovu wa kawaida huisha ukilala. Uliopita kiasi hauishi: unaamka nao, unasahau dawa zako mwenyewe, unaugua mara kwa mara, unakasirishwa na mambo madogo, umeacha kuwaona watu uliokuwa ukiwapenda. Chukulia ishara hizo kama ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliofuatilia wazee waliokuwa wakiwatunza wenzi wao kwa takriban miaka 4, uliona kwamba waliolemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiotunza mtu. Ndiyo maana nasema mtunzaji naye awe na faili lake kliniki, apimwe shinikizo siku ileile anayompeleka mgonjwa, na aulizwe analala saa ngapi.

Ukipewa dodoso la kupima mzigo, kwa mfano lile la Zarit lenye maswali 22, lijibu kwa ukweli. Hakuna alama za kufeli.

14. Jana nilimfokea baba, kisha nikajificha na kulia. Je, mimi ni mtoto mbaya?

Hapana. Hasira kwa mtu unayempenda ni jambo la kawaida pale ambapo kazi haina mwisho na yeye mwenyewe amebadilika. Unaomboleza mtu aliye hai, na msiba wa namna hiyo haupewi pole. Unapohisi inapanda, hakikisha yuko salama, toka chumbani dakika tano, kisha rudi. Unaweza pia kumwomba radhi. Hata asiyeweza kujibu huelewa sauti. Ila ukifika mahali pa kumpiga, kumfungia au kumnyima chakula, au ukiogopa kwamba utafika, omba mtu mwingine ashike zamu leo, na uzungumze na mhudumu wa afya. Kusema hivyo mapema ni kumlinda.

15. Ndugu zangu hawanisaidii. Nifanyeje?

Ombi la jumla hupata jibu la jumla. Ukisema "nisaidieni", kila mtu atasema ndiyo na hakuna atakayekuja. Andika kazi zote za wiki moja, hata zile zisizoonekana kama kuamka saa nane usiku, kisha waite ndugu na uwasomee orodha hiyo. Halafu omba kitu chenye jina, siku na saa: "Naomba wewe ulale hapa Jumamosi," "Naomba wewe ushike kliniki za miezi mitatu ijayo." Anayeishi mbali asiachwe: anaweza kulipia nepi na dawa, kupanga miadi, kufuatilia karatasi za bima, na kupiga simu kila jioni azungumze na mgonjwa huku wewe ukioga kwa utulivu.

Anayekuja kushika zamu asomeshwe maswali ya 5, 6 na 9 kwanza, kisha umwache afanye kwa namna yake. Mtunzaji anayesahihisha kila mkunjo wa shuka hubaki peke yake.

16. Rafiki yangu anamuuguza mume wake. Nimsaidieje?

Usimwambie "ukihitaji chochote, niite", kwa kuwa hataita. Njoo ukiwa na muda wa saa mbili, keti na mgonjwa, mwenyeji atoke. Na unapopiga simu, muulize habari zake yeye kabla ya kuuliza za mgonjwa.

## Hali za pekee

17. Upande mmoja tayari umepooza. Nitakijuaje kiharusi kipya?

Kwa kulinganisha na alivyokuwa jana. Kwa hiyo ijue hali yake ya kawaida: mdomo umepinda kiasi gani, mkono unainuka hadi wapi, anasema maneno gani. Badiliko lolote la ghafla la uso, mkono, mguu, usemi au kuona, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, ni dharura, hata kama yakitoweka baada ya dakika chache. Kumbuka saa ya mwisho aliyoonekana akiwa katika hali yake, kwani dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mpeleke hospitali mara moja. Usimpe chakula wala maji. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, maana bila picha ya ubongo huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

18. Mimi mwenyewe nina miaka 70 na magoti yananiuma. Nitaweza?

Baadhi ya kazi ndiyo, baadhi hapana, na kuzitenganisha mapema ni busara. Kumwinua na kumwogesha kukabidhiwe mwenye nguvu. Dawa, mazungumzo na ratiba unaweza kubaki nazo. Weka kwa maandishi nani atachukua nafasi yako ukilazwa, pamoja na nakala ya karatasi ya dawa (swali la 9).

19. Mama anakataa kuogeshwa na mimi, mwanawe wa kiume.

Anayo haki ya kukataa. Mtafute mwanamke anayemridhia, na kama hayupo, mfunike kwa kanga au shuka, ufunue sehemu moja tu kwa wakati, na umpe kitambaa ajisafishe mwenyewe sehemu za siri kwa mkono wenye nguvu. Anapokataa dawa au mazoezi, chunguza sababu kabla ya kumlazimisha: kidonge kinamkwama (swali la 6), bega linamuuma (swali la 5), au amekata tamaa (swali la 11).

20. Je, tendo la ndoa ni hatari baada ya kiharusi?

Kwa wengi si hatari pindi hali na shinikizo la damu vimetulia. Baadhi ya dawa hupunguza hamu au uwezo. Daktari anaweza kuzibadilisha, kwa hiyo mwulize bila haya, na usinunue dawa za nguvu kiholela.

21. Miezi inapita na hali yake inazidi kuwa mbaya. Tuendelee na kila kitu?

Ombeni mazungumzo na daktari kuhusu kile ambacho kila tiba inaweza kumletea, na kile ambacho haiwezi. Kama bado anaweza kujieleza, hata kwa kutikisa kichwa, aulizwe yeye kwanza: anataka kulazwa tena, anataka mpira wa kulishia, anataka kuwa wapi. Huduma ya tiba shufaa hupunguza maumivu, kukosa pumzi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine. Kuiomba si kumtupa mgonjwa.

Na akifariki, mtunzaji asishangae akiendelea kwa wiki kadhaa kuamka saa nane usiku, saa ileile ya kumgeuza. Wale waliokuwa wakija kumwona mgonjwa waendelee kuja.